Kamba Niliyoiandika Daftarini

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti, kwa wasioijua, ni kuandika. Huandika mihtasari ya vikao, sadaka za Ijumaa, majina ya wafiwa, na mali ya msikiti iliyomo stoo: majamvi, masufuria ya shughuli, jeneza, turubai, sepetu za makaburini. Katika daftari la stoo la msikiti wetu hapa Maganzo upo mstari nilioandika kwa mkono wangu mwezi wa Mfungo Pili 1445, yaani Mei 2024. Unasema: "Kamba ya manila, buluu, moja. Imeazimwa." Pembeni lipo jina la shemeji yangu pamoja na saini yake. Safu ya mwisho, ile yenye kichwa "Imerudishwa", iko tupu mpaka leo.

Ndugu msomaji, sikuketi kuandika makala haya kwa kuwa nina elimu ya kamba. Nilisoma chuo cha Kiislamu, nikafundishwa nahau, fiqhi na mirathi. Sikufundishwa kufunga fundo. Niliyoyajua kuhusu kamba kabla ya usiku ule ni yale anayoyajua kila mtu: kwamba ipo ya katani na ipo ya plastiki, na kwamba ya plastiki haiozi. Hili la mwisho ndilo lililotuponza.

Mji wetu unajulikana kwa almasi. Tangu Mkanada John Williamson alipogundua almasi za Mwadui mwaka 1940, macho ya watu wa Maganzo yamekuwa ardhini. Hata mtoto akitembea huinamisha kichwa akitazama changarawe. Wazo la kutafuta riziki juu ya mti lilitoka kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, mfuga nyuki wa Bukombe mkoani Geita, ambako misitu ya miombo bado ipo na mizinga ya magome hutundikwa juu sana. Alitutembelea, akauona mbuyu mmoja mkubwa katika shamba la muumini mwenzetu nje ya mji, akacheka. "Nyinyi mna nyumba ya nyuki na hamna nyuki," alisema. Kamati ilikuwa inatafuta fedha za kumalizia vyoo vya madrasa. Asali ina soko mwaka mzima na Ramadhani halitoshi. Basi tukakubaliana. Mjomba akaja na mizinga sita, akapigilia mambo ya mti mgumu katika shina la mbuyu kama ngazi, akaitundika yote, akarudi kwake.

Sitaki kuirefusha habari ya nyuki, ingawa inavutia. Kila aliyesoma Suratun-Nahl anajua kwamba miti imetajwa pamoja na milima na yale wanayojenga watu kuwa makazi ya viumbe hawa. Lakini aliyesoma sura hiyo chini, katika jamvi, hajui mti una urefu gani mpaka apande.

Mavuno yalipofika, mjomba alikuwa na homa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 23, dereva wa bodaboda, mwepesi wa viungo, akasema atapanda yeye. Alikuwa amemwona mjomba akifanya. Akaja stoo kwangu baada ya Isha akaniomba kamba. Nilimpa ile ya buluu. Nilimpa kwa roho safi na kwa haraka, kwa sababu ilikuwa karibu na mlango. Ilikuwa karibu na mlango kwa sababu siku chache kabla tulikuwa tumeishusha kutoka juu ya paa, ambako ilishikilia turubai la futari tangu Ramadhani ya 1444. Zaidi ya mwaka mzima ililala juu ya bati, na jua la Shinyanga mnalijua.

Nyuki wetu ni wakali, na huvunwa usiku wakiwa wametulia. Kwa hiyo tulikuwa gizani. Mimi nilikuwa chini nimeshika ndoo, kijana mwingine ameshika bomba la moshi. Shemeji alijifunga kamba kiunoni kwa ncha moja, na ncha ya pili akawa anaifunga kwenye mambo, kila akipanda kidogo anaifungua na kuifunga juu zaidi. Alidhani amejilinda. Nami nilidhani hivyo hivyo, na nilikumbuka kumwambia Bismillahi. Alikuwa amefika kiasi cha mita saba, kamba imefungwa kwenye mambo iliyo chini ya miguu yake, ndipo mguu ukateleza. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kuni kavu kwa goti. Nikasema moyoni, hiyo ni mambo imevunjika. Haikuwa mambo. Ilikuwa kamba.

Alivunjika nyonga na mfupa wa paja.

Tukafanya kosa la pili, nami nalitaja ili nyumba nyingine wasilifanye. Tulimwinua. Tulimshika mikono na miguu, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mishikaki kama tulivyozoea, tukaenda naye katika barabara ya mashimo. Daktari aliyempokea alituuliza nani alimpakia. Hakutugombeza sana. Alituambia tu kwamba kama uti wa mgongo ungekuwa umevunjika, ile pikipiki ndiyo ingemaliza kazi. Na kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu haguswi shingo wala mgongo, hulazwa pale pale alipo, huzungumzishwa, na akilazimika kuhamishwa, huhamishwa amelala juu ya ubao au mlango uliong'olewa, watu wanne wakiinua kwa pamoja. Siku mbili baadaye alihamishiwa Mwanza. Alikaa huko wiki tisa. Mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza yeye akiwa kitandani, mguu umening'inizwa kwa kamba nyingine, nzuri kuliko yetu.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa imani. Nilipomwendea kumuomba msamaha alinikatiza. "Mwanangu, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Usijitese." Kila mtu aliniambia hivyo: mwenyekiti, imamu, jirani Mkristo. Nami naiamini kadari. Ni nguzo katika nguzo za imani yangu. Lakini nilijikuta siwezi kuingia chini ya neno hilo nikajifunika kama mtu anayejifunika shuka. Kuna ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache akitegemea, akaelekezwa kwamba amfunge kisha ategemee. Tumeihubiri mara ngapi? Nilianza kuiona upya. Mtu yule hakuambiwa tu afunge. Kufunga kunakotajwa pale ni kufunga kwa mtu anayejua kufunga ngamia, kwa kamba inayomzuia ngamia. Bedui hakuhitaji kuelezwa hilo. Sisi tunahitaji. Shemeji yangu alijifunga. Na mwenye kuona kwa mbali angesema ametimiza sharti la kutawakali. Alijifunga kwa kitu kilichokuwa na umbo la kamba.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya chuo, katika mlango wa ariya, yaani kuazimana vitu. Mafakihi wamejadili kwa urefu: kitu kikiharibika mikononi mwa mpokeaji, je, atakilipa hata kama hakuzembea, kama wasemavyo wenzetu wa madhehebu ya Shafi, au hatalipa ila akizembea, kama wasemavyo Wahanafi? Nilisoma nikacheka peke yangu kwa uchungu. Kwa hesabu ya mlango ule, swali lilikuwa kama shemeji yangu ndiye anayedaiwa na msikiti, kwa kuwa kamba ilikatika mkononi mwake! Nyonga yake ilikuwa katika mlango gani? Ilikuwa katika kanuni kubwa zaidi, ile ya kutodhuru wala kudhuriana, na katika kuhifadhi nafsi, ambayo wanazuoni wameiweka miongoni mwa mambo matano ya dharura yaliyokuja sharia kuyalinda. Mtu anayetoa chombo chenye kasoro anapaswa kuijua kasoro hiyo na kuisema. Mimi sikuijua kwa sababu sikuitazama. Niliandika daftarini rangi ya kamba. Sikuandika umri wake.

Aliyenifumbua macho ni muumini mmoja ambaye kazi yake ni kupanda minara ya simu. Hupita hapa akielekea Kahama au Geita, husali nasi Ijumaa. Alisikia habari ile, akaomba kuona kipande cha kamba kilichobaki. Nilikuwa nimekihifadhi. Alikikunja katikati ya vidole, akakisugua kwenye kiganja, vumbi la buluu likabaki juu ya ngozi yake. "Katibu," akaniambia, "hii ilikwisha kufa zamani."

Alinieleza kwa utulivu, kama mwalimu wa madrasa anayeanza na alifu. Kamba hizi rahisi za dukani, tunazoziita manila, zilizo nyingi ni za plastiki aina ya polipropilini. Ni nyepesi, huelea majini, haziozi kwa unyevu, na ni nzuri kwa turubai na kwa mbuzi. Lakini jua huzila. Nyuzi hukauka, hupauka, huanza kumenyeka unga, na nguvu hupungua bila kamba kukonda. Ya katani, ambayo mmea wake uliletwa katika ardhi yetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, huoza kwa unyevu na si imara sana hata ikiwa mpya. Ila ina adabu moja, alisema, huonekana na hunuka inapochakaa. Plastiki hufa ikiwa imesimama.

Kisha akanifanyia hesabu chini, mchangani, kwa kijiti. Tuseme kamba yenu ilipokuwa mpya ilihimili kilo 900. Jua la mwaka mzima liondoe nusu: zimebaki 450. Fundo lenyewe, kwa kuwa hupinda nyuzi kwa ghafula, huondoa theluthi hadi nusu ya nguvu ya kamba yoyote: zimebaki 300 au pungufu. Sasa kijana ana kilo 65. Mnasema, basi inatosha mara nne! Ingetosha kama angening'inia taratibu. Lakini alikuwa amepanda mita moja na nusu juu ya pale alipofunga. Kwa hiyo alianguka mita tatu kabla ya kamba kukaza, kisha kamba ikajaribu kumsimamisha ndani ya sentimita 30. Mwili unaosimamishwa hivyo huvuta kwa uzito wa mara kumi na moja. Kilo 65 zikawa zaidi ya kilo 700. Na hata kama kamba ingeshika, akaongeza, ingemshika kiunoni, na kiuno hakikuumbwa kupokea kilo 700. Angeweza kupasuka tumbo. Kamba iliyofungwa chini ya miguu haimlindi mpandaji. Humngoja aanguke.

Nilizinakili hesabu zile. Kwa kulinganisha, alinitajia kwamba kamba za kazi ya kupanda zinazopimwa kwa kanuni ya Ulaya iitwayo EN 1891, daraja la A, ni lazima zihimili kilonewton 22, takriban uzito wa kilo 2,200, na huwa na kiini cha ndani kinachobeba na ganda la nje linalokilinda. Bei yake ni mara nyingi ya ile ya buluu. Sitaificha habari hiyo. Ndiyo kikwazo chenyewe.

Jioni moja baada ya Alasiri alitufundisha, chini ya mwarobaini wa msikiti, sisi wanakamati, vijana sita, na shemeji yangu ambaye tayari alikuwa amerudi na magongo mawili. Alitoa kamba nene ya milimita 12, akaifunga kwenye tawi. Akatoa kamba nyembamba ya milimita 8, ameunga ncha zake ikawa kitanzi. Akakizungusha kitanzi juu ya kamba nene mara tatu, kila mzunguko ukipita ndani ya kitanzi chenyewe na kulala kando ya mwenzake bila kupandana. Alipokisukuma kwa mkono, kilipanda na kushuka kama pete katika kidole. Alipokining'inia kwa uzito wake wote, kiliuma kamba na hakikusogea hata unywele. Fundo hili la msuguano linaitwa kwa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931, na ndugu zake ni wengi siku hizi, lakini msingi ni ule ule: likilegea hutembea, likibebeshwa hushika. Mpandaji hufunga kamba nene juu ya mti kwanza, au huirusha kutoka chini na kuifunga. Kisha kitanzi kile hukiunganisha kifuani mwake kwa pete ya chuma yenye mlango wa kujifunga, akapanda akikisogeza mbele yake. Akiteleza, huanguka kiasi cha kiganja tu.

Alituambia kwamba huko Marekani wapo wawindaji wanaovizia kulungu wakiwa wameketi katika vikalio juu ya miti, kama babu zetu walivyokuwa wakikaa katika ulingo, na kwamba kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa sababu kubwa za kuumia kwao, kuliko wengi wanavyodhani kuhusu bunduki. Wengi waliokuwa wakiumia walikuwa na mikanda. Ila waliivaa walipofika juu. Wakaanguka wakipanda, au wakishuka, au katika hatua ile moja ya kuvuka kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye kikalio. Ndipo wakafundishwa kutumia kamba inayoanzia ardhini hadi juu ya kichwa cha mketi, yenye fundo hili la msuguano, mtu ajiunge nayo kabla mguu wa kwanza haujaacha ardhi na asijiondoe mpaka mguu wa mwisho umekanyaga udongo. Niliposikia hayo nilimkumbuka shemeji akifungua na kufunga, akifungua na kufunga. Kila alipofungua, kwa nukta chache, hakuwa na kitu.

Fundo hili nalo lina masharti, na hapa naomba msomaji asiende kulijaribu mtini kwa kusoma gazeti tu. Kamba ya kitanzi lazima iwe nyembamba kuliko kamba kuu. Zikilingana unene, fundo halishiki vizuri. Isiwe nyembamba mno pia, ikakatika. Mizunguko isipandane. Kamba ikiwa na tope, maji au asali (kijana mmoja alicheka hapa, fundi hakucheka) fundo huteleza, na huongezwa mzunguko wa nne au kazi huahirishwa. Kitanzi kisiwe cha ile plastiki rahisi, kwa sababu polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi, na fundo likiteleza kwa kasi, msuguano huzalisha joto kama uganga. Ncha ya chini ya kamba kuu ifungwe fundo kubwa, ili kitanzi kisichomoke mwishoni. Kila siku, kabla ya kupanda, fundo lijaribiwe kwa uzito wa mtu akiwa nusu mita tu kutoka ardhini.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni hili. Alimwambia kijana mmoja aning'inie, kisha akamwambia ashike fundo kwa mkono, juu, alibane kwa nguvu kama mtu aliyeogopa. Fundo likaachia. Kijana akateremka hadi chini, bahati ilikuwa nusu mita. Mtu anayeanguka hushika kitu kilicho karibu naye. Na kilicho karibu naye ni lile fundo. Akilishika hulivuta pamoja naye na kulizuia lisiume. Kwa hiyo mpandaji hujifunza kuliachia. Tulirudia zoezi hilo mara nyingi, na kila mmoja wetu, hata tuliokwisha kuonywa, mkono wetu ulikwenda palepale. Imamu, mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini, naye alijaribu, akalishika, akasema "Laa ilaaha illa Llah," tukacheka wote.

(Khatibu mwenzangu alinishauri niingize hapa ile aya ya kushikamana na kamba ya Mwenyezi Mungu. Nimeiacha. Kila tunapoona kamba tunakimbilia kuifanya mfano, na mifano imetuchosha kutazama kamba yenyewe.)

Fundi hakutuacha na furaha ya fundo jipya. Alituuliza: mtu wenu akizimia akiwa ananing'inia, mtamshushaje? Kimya. Mwili unaoning'inia bila kujisogeza, miguu ikiwa imelegea, damu hukusanyika chini, na mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Kuokolewa kwake hakungoji gari la kutoka Shinyanga. Ndiyo maana mkanda huwa wa mwili mzima, mabegani na mapajani, si wa kiuno. Ndiyo maana hakuna kupanda peke yako. Na ndiyo maana njia ya kumshusha mtu hupangwa kabla hajapanda. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani pamoja na kina mama, akauliza kuhusu kamba ya kisima chetu, ambayo watoto huteka nayo maji wakiinama juu ya mdomo wa kisima. Fundi akaenda kuitazama. Ilikuwa ya buluu.

Nilimpigia mjomba simu, nikamsimulia yote. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema amepanda miti miaka arobaini kwa kamba ya magome na ya katani, na hajaanguka. Sikubishana naye, ni mjomba. Nilimuuliza tu, wenzake waliokuwa wakipanda naye, je? Akanyamaza, akataja wawili kwa majina yao, akasema "Allah awarehemu". Baada ya siku chache alipiga yeye. Alisema ipo mizinga ya mbao yenye vijiti vya juu, ambayo hutundikwa kwa waya kimo cha kiuno cha mtu, mvunaji akiwa amesimama ardhini. Yeye haipendi. Nyegere huifikia, siafu huifikia, wezi ndio zaidi. Lakini kwa ajili ya msikiti, alisema, na kwa ajili ya yule kijana, afadhali nyegere ale. Tumeihamisha. Mizinga minne sasa iko chini, waya zake zimepakwa grisi dhidi ya siafu, na miwili iliyobaki juu ya mbuyu tumeiachia nyuki wenyewe. Asali imepungua. Vyoo vya madrasa bado havijapauliwa, na mweka hazina hunikumbusha kila kikao.

Daftari la stoo nimelipiga mistari upya. Kila kamba ina tarehe ya kununuliwa, kazi yake, na tarehe ya kutazamwa mara ya mwisho. Ya jeneza, ya turubai na ya kisima hazichanganywi. Shemeji yangu ndiye mtazamaji. Magongo mawili yamekuwa fimbo moja. Bodaboda hawezi tena, kwa kuwa mguu hauvumilii mtikisiko, na mkewe anauza vitumbua. Huketi kibarazani mwa stoo, mtoto pajani, akaipitisha kamba yote katikati ya vidole vyake, pima kwa pima, akitafuta palipokakamaa, palipolegea, palipobadilika rangi, nyuzi zilizofumuka. Ikipita kwake isipokubaliwa hukatwa vipande vifupi, visivyoweza kumbeba mtu, vikapewa wafugaji wa mbuzi. Hatujawahi kuzungumza, mimi na yeye, juu ya nani alimpa nani kamba ile. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili aliniuliza habari za chakula.

Alhamisi iliyopita alikuja kijana mmoja, mchimbaji mdogo, ambaye baba yake ni mmoja wa waumini wa safu ya kwanza. Yeye na wenzake wamefungua shimo la dhahabu huko upande wa Geita, na alikuja kuniomba kamba ya kuteremkia. Watu wa ukanda huu wanajua maana ya kuteremka. Hawajasahau mwaka 2015, kule Nyangalata wilayani Kahama, ambako wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Nilimwambia hatuna kamba ya kubeba mtu, na iliyopo siitoi. Nilimweleza kwa nini, na nilijitahidi nisimweleze kama khatibu. Aliitikia "Ndiyo, Ustadhi" kwa kila neno. Kisha akaondoka, na baada ya robo saa nilimwona akipita mbele ya msikiti juu ya pikipiki, na begani ana duara jipya la kamba ya buluu, bado lina karatasi ya dukani.

Shemeji alimwona pia. Akamkabidhi mtoto kwa mke wangu, akachukua fimbo yake, akamsimamisha bodaboda wa pili, rafiki yake wa zamani, akapanda nyuma kwa shida, mguu mbovu umenyooka pembeni. Alirudi siku ya pili yake baada ya Magharibi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa maji nikangoja.

"Walinisikiliza," alisema. "Niliwaonyesha mguu. Wakaniuliza ile nzuri inauzwa kiasi gani."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Alikunywa maji yote, akakiweka kikombe chini. "Wakanyamaza, shemeji. Halafu mmoja akateremka."